Neno 'daktari' likihamia kibaoni: Adabu ya mazungumzo isigeuke hadaa ya tangazo

Shangazi yangu alipoanza kugonga miimo ya milango ya nyumba yake mwenyewe kwa bega, sote tulidhani ni uzee. Ana umri wa miaka 67, na kwa miaka miwili alikuwa akienda kwa 'daktari wa macho' mjini kwao. Kila alipoenda aliketishwa mbele ya mashini, akasomeshwa herufi za ukutani, kisha akauziwa miwani. Alinunua jozi tatu kwa jumla. Herufi alizisoma vizuri tu. Milango ndiyo iliyomshinda.

Siku niliyompeleka hospitali ya rufaa, daktari bingwa alimtia matone, akachungulia ndani ya jicho kwa dakika chache, akatuambia ni glakoma, ule ugonjwa ambao wengi wetu huuita presha ya macho. Kwa kawaida hauumi. Huharibu mshipa unaopeleka habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo, na mara nyingi huanza kula pembeni mwa uwezo wa kuona, ukiacha katikati pazima. Ndiyo maana mtu aweza kusoma herufi za ukutani na bado akagonga mlango. Uwezo uliokwisha kupotea haurudi. Matone huusaidia uliobaki usipotee upesi.

Nilirudi kwa yule 'daktari' nikiwa na hasira za mpwa. Kibao chake kilikuwa pale pale mlangoni, kwa herufi kubwa za buluu: DAKTARI WA MACHO. Nilimkuta mwenyewe, mtu mpole, akanipa kiti. Nilipomweleza, aliinamisha kichwa.

"Mimi si daktari, bwana," aliniambia. "Mimi ni fundi wa miwani. Nilifunzwa kupima namba za miwani na kukata lenzi. Watu ndio huniita daktari, nami nikaandika wanavyoniita."

Nami nikaandika wanavyoniita. Sentensi hiyo haijanitoka akilini, na ndiyo iliyonisukuma kuandika makala ya leo. Ningependa, msomaji mpenzi, tuangalie jinsi neno moja la heshima linavyobadilika likitoka mdomoni mwa mgonjwa na kwenda kukaa kwenye kibao cha mhudumu. Hoja yangu ni hii: katika mazungumzo, 'daktari' ni adabu, katika tangazo, 'daktari' ni dai. Adabu haina ukweli wala uongo. Dai lina vyote viwili.

Asili na maana za neno

Neno 'daktari' limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, na Kiingereza nacho kililipata kutoka Kilatini, ambako maana yake ya asili ni mwalimu, mtu anayefundisha. Katika vyuo vikuu vya kale vya Ulaya lilikuwa cheo cha msomi aliyeruhusiwa kufundisha. Baadaye ndipo lilipong'ang'ania kwa watu wa tiba kiasi kwamba leo ukisema 'daktari' bila maelezo, anayekuja akilini ni mtu mwenye koti jeupe.

Kwa hiyo Kiswahili kimerithi maana mbili. Ya kwanza ni mtu aliyesomea tiba. Ya pili ni msomi aliyehitimu shahada ya uzamifu katika taaluma yoyote. Ufupisho ni ule ule mmoja, 'Dkt.', na haukuambii ni yupi kati ya hao wawili. Hapa sina budi kukiri dhambi yangu. Mimi ni daktari wa isimu. Kwenye lango la nyumba yetu, kwa fahari ya siku za kuhitimu, nilibandika jina langu likitanguliwa na 'Dkt.' Usiku mmoja jirani mgeni alibisha akiwa amembeba mtoto anayechemka homa. Ilibidi nimwambie kwamba ujuzi wangu unahusu viambishi, si homa, kisha tukatafuta gari kwa haraka. Mtoto alipona, lakini kile kibandiko nilikibandua kesho yake asubuhi. Sikuwa nimesema uongo. Nilikuwa nimeacha neno la kweli mahali ambapo lingesomwa vibaya.

Kabla ya 'daktari' tulikuwa na maneno mengine. Kuna 'mganga', neno la Kibantu, linalotokana na kitenzi 'ganga', yaani kutibu au kurekebisha kilichoharibika. Ni kitenzi kile kile tunachokisikia katika methali: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Kuna pia 'tabibu', kutoka Kiarabu, lenye undugu na 'tiba' na 'matibabu'. Maneno haya yote matatu yangeweza kuwa visawe, lakini jamii huyagawia kazi tofauti, na mgawo wenyewe hutofautiana kutoka nchi moja hadi nyingine.

Tazama majirani zetu wa Tanzania. Huko, afisa wa juu kabisa wa tiba katika wizara ya afya huitwa Mganga Mkuu wa Serikali, na hakuna anayecheka. Hapa Kenya, 'mganga' ni yule wa karatasi zinazobandikwa kwenye milingoti ya stima, zikiahidi kurudisha mume aliyetoroka na mali iliyoibwa. Huko huko Tanzania, katika matangazo ya kazi za serikali, 'tabibu' ni cheo mahususi: ni yule mwenye stashahada ya utabibu, yaani mwenzake wa afisa wa kliniki wa hapa kwetu. 'Daktari' ni mwenye shahada ya tiba, na 'daktari bingwa' ni aliyeendelea na masomo ya uzamili katika tawi fulani. Sisi Wakenya hutumia 'tabibu' vyovyote vile, pengine kwa afisa wa kliniki, pengine kwa daktari, pengine kwa yeyote anayetoa dawa. Utajiri wa maneno tunao. Tulichokosa ni nidhamu ya kuyagawa.

Kuita, kutaja na kujitangaza

Wanaisimu hutofautisha kati ya neno la kumwita mtu na neno la kumtaja mtu. Mimi ningeongeza la tatu: neno la kujitangaza.

Tuanze na kuita. Ukiwa kwenye matatu ukamwambia utingo, "Kiongozi, nishushe hapo steji," hujadai kwamba utingo anaongoza chochote. Ukimwita fundi wa baiskeli 'injinia', au mwenye kibanda 'bosi', hakuna atakayekudai ushahidi. Maneno haya ni mafuta ya mazungumzo. Yanapunguza msuguano kati ya watu wasiojuana. Wodini mambo ni yayo hayo. Mwenye koti jeupe huitwa 'daktari' hata akiwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Na mwanamke yeyote aliyevaa koti hilo huitwa 'sista', hata kama ndiye daktari aliyemfanyia mgonjwa upasuaji jana. Kwa hiyo adabu yetu inapandisha wengine na kuwashusha wengine, na hakuna nia mbaya ndani yake.

Kutaja nako kuna ulegevu wake. Mtu akisema, "Jana nilienda kwa daktari," mara nyingi maana yake ni kwamba alienda kutafuta matibabu. Huenda alihudumiwa na muuguzi au afisa wa kliniki au alinunua vidonge kwenye kemisti ya mtaani. Msikilizaji anaelewa hivyo, na akitaka undani atauliza.

Kujitangaza ni jambo jingine kabisa. Kwenye kibao, mwenye neno ndiye anayefaidika nalo. Msomaji wa kibao hamjui, na mara nyingi hawezi kumuuliza kabla hajaingia. Kinachowekwa rehani ni pesa zake na mwili wake. Katika mazingira hayo neno halilainishi mazungumzo tena. Linatoa taarifa: huyu aliye humu amesomea kazi hii hadi kiwango hiki, na kuna chombo kinachomwajibisha. Fundi wa miwani aliyesema 'nikaandika wanavyoniita' alichukua neno la kuitwa akaligeuza kuwa neno la kujitangaza. Alidhani ni neno lile lile kwa sababu herufi ni zile zile.

Ni nani aliye nyuma ya 'daktari wa macho'?

Tuchukue macho kama mfano, kwa kuwa ndiyo yaliyotufikisha hapa. Nyuma ya maneno 'daktari wa macho' huweza kuwapo watu wanne tofauti.

Yupo daktari bingwa wa macho. Huyu alisomea shahada ya tiba na upasuaji, akafanya kazi ya mazoezi hospitalini chini ya uangalizi, kisha akarudi chuoni kusomea macho katika kiwango cha uzamili. Anatambua magonjwa ya macho, anatoa dawa na anafanya upasuaji.

Yupo afisa wa kliniki wa macho. Huyu alianza na masomo ya tiba ya kliniki, kisha akaongeza mafunzo ya macho. Katika kaunti nyingi ndiye anayebeba mzigo mkubwa wa kazi hii. Baadhi yao wamepata mafunzo zaidi ya kuondoa mtoto wa jicho, na wapo Wakenya wengi wanaoona leo kwa sababu ya mikono yao.

Yupo mpimaji macho, aliyesomea namna jicho linavyoona na jinsi ya kurekebisha kasoro zake kwa lenzi. Aliyefunzwa vizuri hupima pia dalili za magonjwa, glakoma ikiwemo, na humwelekeza mgonjwa kwa daktari.

Na yupo fundi wa miwani, anayekata lenzi, kuzitia kwenye fremu na kuziuza. Ni kazi ya ustadi na isiyo na aibu yoyote.

Shangazi yangu alihitaji mmoja wa hao watatu wa kwanza. Kibao kilimpeleka kwa wa nne. Kama kingesema 'Fundi wa miwani', angeingia, angenunua miwani yake, na angejua kwamba bado hajaonwa na daktari. Hilo la mwisho ndilo lililomponza. Aliamini kwamba amekwisha kuonwa, kwa hiyo hakutafuta kwingine. Hadaa ya cheo humnyima mgonjwa tiba, tena humwondolea sababu ya kuitafuta.

Hali ni hiyo hiyo katika matawi mengine. 'Daktari wa meno' aweza kuwa aliyehitimu shahada ya udaktari wa meno, au afisa wa afya ya kinywa, au fundi anayetengeneza meno bandia. Kwenye duka la dawa, anayekuhudumia aweza kuwa mfamasia mwenye shahada, mteknolojia wa dawa mwenye stashahada, au kijana aliyeajiriwa kupanga rafu. Wote watatu utawaita 'daktari' na wote watatu wataitika.

Maneno yanayokwepa

Vibao na matangazo yana msamiati wake, na msomaji makini anafaa kuujua. Nitataja maneno machache yanayonitia shaka.

La kwanza ni 'mtaalamu'. Neno hili lina mzizi wa Kiarabu wa elimu, uliotupa pia 'mwalimu' na 'taaluma'. Siku hizi yuko mtaalamu wa nywele, wa mapazia na wa mapenzi. Katika tangazo la afya, 'mtaalamu wa figo' haikuambii lolote mpaka ujue ametaalamikia wapi na kwa kiwango gani.

La pili ni 'bingwa'. Michezoni, bingwa ni aliyewashinda wenzake, na kombe lake tunaliona. Katika tiba, 'daktari bingwa' ni istilahi: ni daktari aliyesomea tawi moja katika kiwango cha uzamili na kutambuliwa kuwa mbobezi wa tawi hilo. Mtu akijiita 'bingwa wa kisukari' bila neno 'daktari', au bila kusema ametambuliwa na nani, huyo ametumia maana ya michezoni ili uelewe maana ya tiba.

La tatu ni kitenzi 'sajiliwa'. Sarufi yetu inaruhusu kauli ya kutendwa isimtaje mtenda. 'Tumesajiliwa' na nani? Jina la biashara husajiliwa. Kibali cha kufanyia biashara hutolewa na kaunti. Hata kinyozi anavyo vyote hivyo. Hakuna kati yake kinachothibitisha kwamba mtu amesomea kutibu. 'Kusajiliwa na serikali' kwaweza kuwa kweli tupu na bado kukawa mtego. Tena kuna tofauti kati ya kusajiliwa na kuwa na leseni. Usajili hutambua kwamba ulihitimu. Leseni ya kutoa huduma huhuishwa kila mwaka, na ndiyo inayoonyesha kwamba bado unaruhusiwa kufanya kazi.

La nne ni 'cheti'. Shahada ni cheti, stashahada ni cheti, na karatasi ya kuhudhuria semina ya siku mbili nayo ni cheti. Ukutani zote huwekewa fremu ya dhahabu.

La tano ni 'hospitali'. Nchini Kenya vituo vya afya vimepangwa kwa viwango, kuanzia huduma za kijijini katika kiwango cha kwanza hadi hospitali za rufaa za kitaifa katika kiwango cha sita. Zahanati ni kiwango cha pili, kituo cha afya ni cha tatu. Vyumba viwili juu ya duka la nguo si hospitali, hata kama kibao chake ni kirefu kuliko jengo.

La mwisho ni jozi ya vitenzi 'tibu' na 'ponya'. Kutibu ni kazi, kuponya ni matokeo. Mhudumu mwaminifu anaweza kukuahidi ya kwanza. Anayekuahidi ya pili, hasa kwa maradhi kama kisukari ambayo kwa kawaida watu huishi nayo kwa kuyadhibiti, ameruka kutoka taaluma hadi kwenye ndoto.

Katiba inasemaje?

Wapo watakaoniambia kwamba haya ni mambo ya lugha tu. Sivyo. Katiba yetu ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata habari anazohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kifungu hicho hicho kinalitaka Bunge litunge sheria kuhusu matangazo ya haki, ya kweli na ya heshima. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Ukiviweka vifungu hivyo pamoja, utaona kwamba kujua cheo halisi cha anayekutibu ni haki yako. Si fadhila anayokufanyia.

Tiba yenyewe ina sheria zake. Madaktari na madaktari wa meno wana Sheria ya Madaktari na Madaktari wa Meno, Sura ya 253, na baraza lao, KMPDC, ambalo hadi mwaka wa 2019 lilikuwa bodi. Maafisa wa kliniki wana baraza lao na sheria yao ya mwaka wa 2017. Wauguzi wana Baraza la Wauguzi. Wafamasia na wateknolojia wa dawa wako chini ya Bodi ya Dawa na Sumu. Kumtibu mtu kama daktari bila kusajiliwa ni kosa la jinai. KMPDC ina rejista inayoweza kusakwa mtandaoni. Ukiwa na jina la daktari na simu yenye intaneti, dakika mbili zinatosha.

Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inazitambua pia tiba za kiasili na tiba mbadala. Kwa hiyo simlaumu mganga wa mitishamba kwa kuwa mganga wa mitishamba. Ninamlaumu akijiita 'Dokta' au 'Profesa', kwa sababu hapo anaazima heshima ya ujuzi mwingine badala ya kuutetea ujuzi wake.

Je, ukweli utawavunjia watu heshima?

Nilipomsimulia rafiki yangu ambaye ni afisa wa kliniki, alinijibu kwa uchungu. "Mwalimu, nikiandika 'afisa wa kliniki' mlangoni, mgonjwa atapita aende kwa yule wa pili aliyeandika 'daktari', na huyo wa pili hajui hata nusu ya ninayoyajua." Ni hoja nzito, na sitaki kuipuuza. Mhudumu mkweli hupata hasara mahali ambapo mwongo haguswi. Ndiyo maana ukweli wa vyeo hauwezi kuachiwa dhamiri ya mtu mmoja mmoja. Mabaraza yana wajibu wa kutembelea vibao, si vyuo na hospitali pekee.

Lakini hoja hiyo ina upande wa pili. Kila afisa wa kliniki anayejificha nyuma ya neno 'daktari' analinyima jina lake nafasi ya kuheshimika. Mgonjwa akipona, sifa zinaenda kwa madaktari. Neno hupata heshima kwa kutumiwa na watu wanaostahili heshima. Huko Uingereza kuna desturi inayochekesha wageni: daktari akifuzu kuwa mpasuaji, huacha kuitwa 'Dr' akarudi kuwa 'Mr', kama raia wa kawaida. Ni mabaki ya zama ambapo wapasuaji hawakuwa wasomi wa vyuo vikuu. Leo wapasuaji hao hujivunia jina hilo, na wagonjwa wanajua maana yake. Jina lililodharauliwa liligeuka fahari kwa sababu wenyewe hawakulikimbia.

Isitoshe, katika mfumo wetu uliorithiwa kutoka Uingereza, hata daktari wa kawaida wa hospitali huwa na shahada ya kwanza ya tiba na upasuaji. 'Dkt.' yake ni heshima ya desturi, si uzamifu. Hakuna ubaya hapo, kwa kuwa desturi hiyo inajulikana na ina usajili nyuma yake. Kinachofanya cheo kiwe halali ni makubaliano ya wazi kati ya anayekitumia na anayekisoma.

Kibao cha ukweli kiandikweje?

Ningependekeza kibao kijibu maswali matatu, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kila apitaye, kwani Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi: Kazi yako ni ipi? Ulisomea nini hadi kiwango gani? Ni nani aliyekusajili? Mfano: 'Afisa wa kliniki wa macho. Stashahada ya tiba ya kliniki na mafunzo ya juu ya tiba ya macho. Amesajiliwa na Baraza la Maafisa wa Kliniki, nambari kadha wa kadha.' Au: 'Fundi wa miwani. Tunapima namba za miwani na kutengeneza lenzi. Kwa ugonjwa wa macho tutakuelekeza hospitalini.' Sentensi hiyo ya mwisho, kama ingekuwapo, ingemwokolea shangazi miaka miwili.

Ufupisho usiofafanuliwa haufai. Msururu wa herufi nyuma ya jina humtisha msomaji bila kumfahamisha. Na aliye daktari wa falsafa, katika mazingira ya hospitali, aeleze ni daktari wa nini.

Nasi wagonjwa tujifunze kuuliza. Wengi huona haya, wakihofia kuonekana wajeuri. Lakini Kiswahili kina njia za kuuliza bila kumvunjia mtu heshima: "Samahani, ningependa kujua ninayezungumza naye ni nani, na amesomea nini." Mhudumu anayejiamini hatakasirika. Akikasirika, amekwisha kukujibu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi kliniki tena. Kijana mmoja aliyevaa koti jeupe alikuja na chupa ya matone. Shangazi akamwambia, "Asante, daktari." Kijana akatabasamu, akaonyesha beji yake. "Mimi ni muuguzi, mama. Daktari yuko chumba cha nne, atakuona nikimaliza."

Shangazi aligeuka kunitafuta. Ilibidi azungushe kichwa chote, kwa kuwa pembeni haoni tena. "Huyu," aliniambia, "huyu hata akinitia maji jichoni nitamwamini."